Misumena au Thomisus: buibui-kaa yupi wa kumfuata msimu huu

Kila mwezi wa tano ukikaribia, ndugu na marafiki walioko huku Ulaya hunitumia swali lilelile: nimeona picha zako za buibui anayekaa kwenye ua, na mimi nataka kumtafuta, nianzie wapi? Jibu langu hutegemea mambo matatu: unaishi wapi, una muda kiasi gani, na unatamani kuona nini hasa. Nimeona afadhali niyaandike yote mahali pamoja.

Wanaostahili kuwekwa bega kwa bega ni wawili, Misumena vatia na Thomisus onustus. Wote ni wa familia ya Thomisidae, yenye spishi zaidi ya 2,000 duniani. Wote hawatandi utando wa kunasia mawindo. Wote hukaa juu ya ua, mikono wazi, wakingoja mdudu aje mwenyewe. Ukiwatazama kwa haraka utadhani ni mmoja. Lakini wa kwanza atakupeleka kwenye majani marefu, kingo za misitu na bustani za watu, na wa pili, kwa sisi tulioko kusini mwa Uingereza, atakupeleka kwenye nyika za mchanga ambako hata kivuli ni cha kutafuta.

Jina lenyewe linahitaji neno moja kabla hatujaendelea. Nyumbani Afrika Mashariki ukimtajia mtu buibui anayetembea kama kaa, mara nyingi atamfikiria yule bapa wa ukutani, anayechomoka kwenda nyuma ya kalenda taa ikiwashwa. Yule ni wa familia nyingine, Selenopidae, na maua hayamhusu. Tunaowazungumzia hapa ni wadogo zaidi, wanene, na wana utulivu wa ajabu.

Wanachofanana

Jozi mbili za miguu ya mbele ni ndefu na zenye nguvu kuliko za nyuma, na huzikunjua pembeni kama mtu anayesubiri kukumbatia. Wanaweza kwenda mbele, nyuma na upande, na ndiyo sababu ya kuitwa kaa. Mdudu akitua, ile miguu hufunga, na meno huingia, kwa kawaida nyuma ya kichwa, mahali ambapo nyuki hawezi kugeuza mwiba wake. Binadamu hana la kuogopa, kwa kuwa meno yao ni madogo mno na sumu yao ni ya kuua wadudu.

Ukitaka kumpata yeyote kati yao, tafuta nyuki asiyesogea. Hili nalirudia kwa kila ninayemfundisha, maana jicho letu halikuzoea kumwona buibui mweupe juu ya ua jeupe, ila linamwona nyuki vizuri. Juni mwaka jana niliinama kwenye deizi moja, lile jeupe lenye kitovu cha njano, pembeni ya uwanja wa mpira ambako nyasi huachwa bila kufyekwa. Nyuki alikuwa kichwa chini, mabawa yametulia, na chavua ya njano bado imejaa kwenye miguu ya nyuma. Nilidhani anakunywa. Nikahesabu hadi sitini, hakutikisika. Niliposogeza lenzi ndipo nikaona kile nilichokidhania petali iliyokunjamana kina miguu, na macho manane madogo yananielekea. Nilikaa pale hadi buibui alipomaliza na kumwachia. Yule nyuki alianguka kwenye kiganja changu mzima kabisa, mabawa, miguu na mapembe ya kunusia vyote mahali pake, lakini alikuwa mwepesi kama kapi la mpunga. Buibui hawa hawana vijino vya kutafunia kwenye mataya. Hutoboa tundu dogo, huyeyusha nyama ndani na kuinyonya, na ganda hubaki kama lilivyo. Ukiona maganda mazima ya nzi na nyuki chini ya ua, jua mwenye nyumba yupo.

Kuwatenganisha

Tazama tumbo. Misumena ana tumbo la mviringo, laini, lililojaa upande wa nyuma kama pea lililogeuzwa, na mara nyingi jike huwa na mistari miwili myekundu ubavuni, kama kaguswa kwa ncha ya kalamu. Thomisus onustus tumbo lake lina pembe. Limepanuka kuelekea nyuma na kuishia kwa nundu mbili, moja kila upande, na ukimtazama kutoka juu unaona umbo la pembetatu iliyokatwa ncha. Halafu tazama kichwa. Kwa Thomisus, macho ya pembeni yamekaa juu ya vichuguu viwili vilivyochongoka, mfano wa vipembe vya mwanambuzi. Misumena hana hivyo. Mambo haya mawili yanatosha, huhitaji darubini.

Ukubwa hautakusaidia. Majike wa spishi zote mbili huwa karibu sentimita moja, pengine chini kidogo, na madume ni vijitu vya milimita tatu au nne, vyembamba na vyeusi zaidi, ambavyo mara ya kwanza nilidhani ni watoto wa spishi nyingine kabisa. Dume wa Misumena ana miguu ya mbele ya hudhurungi na hutangatanga kutoka ua hadi ua akimtafuta jike. Kumpiga picha ni kazi.

Rangi ndiyo inayowachanganya wengi. Misumena jike ana nyeupe na njano, na kati yake rangi za maziwa na kijani hafifu. Thomisus onustus ana nyeupe, njano, na pia waridi (pinki), waridi ya kweli, kuanzia ile ya kupauka hadi ile iliyokolea. Kwa hiyo ukimkuta buibui-kaa wa waridi juu ya ua la waridi huku Ulaya, huyo ni Thomisus. Misumena akikaa juu ya ua la waridi anabaki mweupe wake, anaonekana kama tone la maziwa.

Makao, na hapa ndipo pa kuchagulia

Misumena vatia alipewa jina lake la kisayansi na Msweden Carl Clerck katika kitabu cha mwaka 1757, kitabu ambacho majina yake ya buibui yanakubalika hata kabla ya yale ya Linnaeus. Kwamba alijulikana mapema kiasi hicho hainishangazi, kwa sababu anaishi karibu na watu. Amesambaa Ulaya, Asia ya kaskazini na Amerika ya Kaskazini. Anapenda mahali penye jua na maua mengi yanayotembelewa na wadudu, kama mbuga za nyasi zisizofyekwa mapema, uzio wa miti pembeni ya mashamba, kingo za njia za reli, bustani. Kusini mwa Uingereza na Wales unaweza kumkuta kwenye deizi, kwenye waridi jeupe la jirani, kwenye yale maua yanayofunuka kama mwavuli ya jamaa ya karoti. Huhitaji gari wala kibali. Mimi wa kwanza nilimpata hatua ishirini kutoka kituo cha basi.

Amerika anajulikana zaidi kwenye Solidago, ua la njano la mwisho wa kiangazi, na kwenye Asclepias, mmea wenye utomvu mweupe unaoliwa na viwavi wa kipepeo monaki. Wasomaji wa Portland na Lewiston, jimbo la Maine, mna bahati ambayo pengine hamkuijua. Mwanasayansi Douglass Morse wa Chuo Kikuu cha Brown alimchunguza buibui huyu kwa miongo kadhaa katika mbuga za pwani ya jimbo lenu. Mengi tunayoyajua juu ya maisha yake yametoka huko. Jike aliyechagua shina lenye maua yanayotoa nekta kwa wingi hukamata zaidi, hunenepa zaidi, na hutaga mayai mengi zaidi, na chaguo hilo la mahali pa kukaa ndilo linalobeba karibu maisha yake yote, maana hutaga mara moja tu. Mchana hungoja nyuki-bambi, wale wakubwa wenye manyoya, na mara nyingi humponyoka. Usiku hungoja nondo. Wakati wa kutaga ukifika hukunja ncha ya jani la Asclepias, hulishona kwa hariri, huweka mayai ndani, kisha hukaa juu yake akilinda huku akikonda. Watoto hutoka kabla ya baridi na kupitisha majira ya theluji chini, kwenye majani makavu.

Thomisus onustus ni mtu wa joto. Uhispania, kusini mwa Ufaransa, Italia, Ugiriki, Afrika ya Kaskazini na kuendelea hadi Asia, yupo kwenye maua ya kila namna. Kama unaishi Marseille au Barcelona, acha kusoma sehemu hii, toka nje na umtafute kwenye maua ya uwanjani. Lakini kadiri unavyopanda kaskazini ndivyo anavyobana makao yake. Uingereza amebaki hasa kwenye nyika za kusini, Dorset, Hampshire na Surrey, kwenye vichaka vifupi vya Erica vinavyoota juu ya mchanga mkavu. Aliyepanda Kilimanjaro anaijua jamii ya Erica, maana ndiyo inayoshika ukanda wa juu ya msitu, kule ambako miti yake huning'inia ndevu za ukungu. Huku ndugu zake wadogo hawafiki magotini, nao huchanua vikengele vya waridi kuanzia Juni. Ndani ya vikengele hivyo ndimo anamokaa jike wa waridi, na nakuambia kwa moyo mmoja kwamba sijaona kitu kilichofichwa vizuri kuliko yeye.

Mara yangu ya kwanza kumtafuta nilitembea tangu asubuhi hadi saa saba mchana bila kuona chochote ila kupe wawili kwenye soksi. Nilikuwa natafuta kwa macho, nikiangalia kila ua. Mama mmoja mzee aliyekuwa akipiga picha za vipepeo alinisimamisha, akanishauri nifungue mwavuli wangu mweupe, niugeuze juu chini, niuweke chini ya kichaka na kukigonga kichaka polepole kwa fimbo. Kwenye kugonga kwa tatu akaanguka mmoja, waridi kama ulimi wa paka, akainua miguu yake ya mbele kunitisha. Nilimpiga picha nne, nikamrudisha kichakani palepale. Tangu siku hiyo mwavuli mweupe hautoki kwenye mkoba wangu, na suruali huiingiza ndani ya soksi kabla ya kukanyaga nyika, kwa sababu kupe wa huko hubeba ugonjwa wa Laimu.

Zingatia pia kuwa nyika hizi ni chache na nyingi zinalindwa. Kuna ndege wanaotaga chini kwenye nyasi hadi katikati ya kiangazi. Usitoke kwenye njia kwa ajili ya picha. Vichaka vya kando ya njia vinatosha.

Kubadilika rangi

Hili ndilo linalowafanya wengi wanitafute, na hapa Misumena ameshinda, angalau kwa mtu anayeanza. Jike mweupe akihamia ua la njano, huanza kutengeneza rangi ya njano na kuisambaza kwenye tabaka la nje la ngozi. Kazi hiyo ni ya taratibu, siku 10 hadi 25. Akirudi kwenye ua jeupe, rangi ile huizamisha chini, na weupe unaotokana na guanini, kemikali nyeupe iliyo ndani ya mwili, huonekana tena. Hilo humchukua siku sita hivi. Kuvaa ni kugumu kuliko kuvua, kwa sababu rangi hutengenezwa upya. Na kinachoongoza yote ni macho. Katika majaribio, buibui waliofunikwa macho kwa rangi hawakubadilika.

Faida ya Misumena kwa mtazamaji ni kwamba jike aliyepata eneo zuri anaweza kukaa kwenye mmea mmoja kwa siku nyingi. Unapita kila jioni ukitoka kazini, unapiga picha moja kwa mwanga uleule, na baada ya wiki mbili unazipanga. Thomisus onustus naye hubadilika, lakini kwenye nyika kumpata jike yuleyule siku ya pili ni kubahatisha, maana maua ya Erica yako maelfu na yote yanafanana.

Kuhusu sababu ya kubadilika, wataalamu wenyewe hawajamaliza kubishana, na mimi nauheshimu ubishi huo. Mwaka 2002 Marc Théry na Jérôme Casas walionyesha kwamba rangi ya Thomisus onustus inalingana na ua kwa macho ya nyuki na kwa macho ya ndege, yote mawili kwa pamoja, ingawa viumbe hao huona tofauti kabisa. Ukisoma hapo unasema jambo limekwisha. Halafu mwaka 2010 ukachapishwa utafiti juu ya Misumena vatia katika mazingira yake, ukakuta kwamba buibui aliyefanana na ua hakukamata wadudu zaidi ya yule aliyeonekana wazi. Wadudu wengi hawakujali. Nilipousoma nilirudi kwenye picha zangu, nikahesabu majike weupe waliokuwa juu ya maua ya njano wakiwa na windo mdomoni. Walikuwa wengi kuliko nilivyokuwa nimekumbuka.

Wa tatu, wa Australia

Siwezi kuzungumzia Thomisus bila kumtaja Thomisus spectabilis wa Australia, japo si rahisi kumfuata kwa basi. Nyuki huona miale ya urujuanimno ambayo sisi hatuioni. Misumena mweupe huimeza miale hiyo, kama yanavyofanya maua mengi meupe, kwa hiyo kwa nyuki anazama ndani ya ua. Spectabilis hufanya kinyume, huirudisha. Kwa jicho letu amejificha, kwa jicho la nyuki anang'aa katikati ya petali. Mwaka 2003 Astrid Heiling, Marie Herberstein na Lars Chittka waliwapa nyuki wa asali maua mawili ya deizi, moja lenye buibui na moja tupu, nao nyuki wakalipenda zaidi lile lenye buibui. Mwanga uleule unaopaswa kumfichua ndio anaoutumia kuita.

Nyuki wa asali waliletwa Australia na Wazungu karne ya 19, hawakukulia na buibui huyo. Watafiti walipojaribu na nyuki wadogo wa asili ya huko, hao nao walivutwa na ua lenye buibui, lakini wakifika karibu waligeuka bila kutua mara nyingi zaidi. Wamejifunza kwa vizazi. Kwa hiyo unapochagua spishi ya kufuatilia unachagua pia nyuki wake na mwanga wa nchi yake, na ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema buibui-kaa wote ni wamoja.

Kwa hiyo umchukue nani

Kama unaishi mjini Uingereza, Ujerumani, Uholanzi au kaskazini ya Marekani, una watoto, na una nusu saa jioni, mchukue Misumena vatia. Anza mwishoni mwa Mei. Chagua kipande kimoja cha nyasi chenye maua meupe na ya njano pamoja, na ukirudie hichohicho, usirukeruke. Watoto humwona haraka kuliko sisi, kwa sababu urefu wao uko sawa na ua.

Kama una lenzi ya makro, una Jumamosi nzima, na kinachokuvuta ni picha moja ya maisha yako, mfuate Thomisus onustus kwenye nyika, Juni au Julai, asubuhi kabla ya jua kukaza. Utamkosa mara mbili au tatu kwanza. Vumilia. Ukiishi kando ya Mediterania basi yeye ndiye wa kuanzia, hakuna la kufikiri.

Kama mtoto wako anapenda kufanya majaribio, Thomisus ana jambo la kipekee. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1989 yalionyesha kwamba vitoto vya onustus visipopata mawindo vinaweza kuishi kwa muda kwa chavua na nekta. Kiumbe tunayemwita mla nyama, anakula ua analokalia. Ila kuvifuga vitoto hivyo ni kazi ya kila siku, na sishauri mtu aanze nayo.

Mwenye bustani ataniuliza kama wanamaliza nyuki. Jike mmoja anaweza kukaa siku kadhaa bila kukamata kitu. Mwache.

Nanyi mlioko Arusha, Nairobi, Bukavu, msidhani haya ni mambo ya ughaibuni. Misumena vatia hamna, lakini jenasi ya Thomisus ina spishi nyingi Afrika, zenye pembe zilezile tumboni na vichuguu vilevile vya macho. Mnaye pia Runcinia, mwembamba, anayejinyoosha kwenye masuke ya nyasi miguu ikiwa imeelekezwa mbele kama mtu aliyelala kifudifudi. Anzeni na kishona nguo pembeni ya shamba, au mvuti unapochanua. Chuchumaeni saa tatu asubuhi, nyuki wakianza kazi, na mtafute yule mmoja asiyesogea.